Mwaka Niliokatazwa Kuosha Vyombo

Mwezi uliopita mgeni alinioshea vyombo nyumbani kwangu hapa Jilore, na mimi mwenye nyumba nikakaa kitini nikamtazama. Tena si mgeni wa kupita njia. Ni Salma, ametoka Omani kwa ndege mpaka Mombasa, akachukua gari mpaka Malindi, na kutoka Malindi akabebwa na teksi iliyokuja ikilalamika kila shimo mpaka mlangoni kwangu, na bangili za dhahabu zimejaa mkono. Alikuja kuniambia kwa kinywa chake, si kwa simu, kwamba mama yake, Bi Zuwena, amefariki, miaka yake tisini na ushei, kitandani kwake, amekwisha kunywa chai. Tulilia. Kisha tukala, kwa sababu nilikuwa nimepika wali wa nazi na kuku wa kienyeji, na Bi Zuwena angekuwepo angetugombeza kwa kuuacha wali ukapoa. Tulipomaliza nikainuka kukusanya sahani. Salma akanishika mkono. "Kaa, Dada Dama." Nikamwambia, "Wewe mgeni, tena mfiwa, una wazimu?" Akasema, "Kaa. Mama ameniusia. Nikifika kwako niingie jikoni nioshe vyombo mpaka masufuria, na wewe uweke mikono mapajani." Akavua bangili moja moja, akazipanga dirishani, akakunja mikono ya baibui mpaka kwenye viwiko, akafungua mfereji. Mjukuu wangu Furaha akaja mbio kutoka uani, macho yamemtoka. "Hawe, bibi yangu! Mgeni anaosha vyombo! Umemfanya nini?" Na jirani yangu, Mama Karisa, alipita mbele ya dirisha langu mara tatu na ndoo tupu, eti anateka maji, na kisima kiko upande mwingine kabisa.

Tangu siku hiyo naulizwa sokoni, naulizwa matangani, naulizwa kanisani wakati mchungaji anaomba. Basi nitaeleza mara moja, na asiyesikia shauri yake. Wengine wakieleza maisha yao huanza na mababu. Mababu zangu wamelala, wacha walale. Na baba wa mwanangu simtaji, sitaki kumpa nafasi humu. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule nilioishi Omani nikiwa na miaka thelathini na kidogo, na nguvu za punda.

Wakati huo kazi yangu ilikuwa korosho. Asiyejua korosho huziona zimefungwa kwenye karatasi, nyeupe, zina chumvi, akadhani zimetoka mtini hivyo. Zinatoka na ganda, na ganda lina mafuta meusi yanayokula ngozi kama moto. Unaziweka kwenye bati lenye matundu, unawasha moto chini, mafuta yanashika, moshi mweusi unapanda mpaka kuku wanahama. Ukishazima kwa mchanga unakaa chini na jiwe lako, unabanja moja moja. Nilibanja miaka saba, uani kwa shangazi yangu Mbeyu. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kifundo cha kwanza, vimepasuka, vinanuka moshi hata nikitoka kuoga. Nililala stoo, mimi na binti yangu Kadzo, katikati ya magunia ya korosho. Stoo haikuwa na mlango. Ilikuwa na leso, imetundikwa kwa misumari miwili. Shangazi aliuza pombe ya mnazi pale uani, na kila mlevi aliyetafuta kata ya kunywea alifunua leso yetu kwanza. "Samahani, mama, nilidhani kata iko huku." Kadzo alikuwa amefika miaka kumi na mmoja. Jioni moja nilimwona anavaa gauni lake amesimama nyuma ya gunia, amejikunja, jicho liko kwenye leso, na nikasema moyoni, huyu anahitaji mlango. Sikutaka jumba. Nilitaka chumba cha mawe, chenye mlango, na mlango uwe na komeo kwa ndani.

Ndipo nikaenda Malindi kwa mama mmoja aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa, akipeleka wanawake Uarabuni kwa njia za halali, karatasi kwa karatasi. Nilipimwa damu, nilipigwa picha ya kifua, nilitia sahihi mkataba kwa herufi zangu nne za D-A-M-A, maana shule niliiacha darasa la tatu. Baada ya miezi mitatu akaniita. "Kibali chako cha kazi kimetoka," akasema. Nikapiga kigelegele. Akasema, "Nyamaza kwanza. Kimetoka lakini kimelala. Ukifika kule una siku thelathini za kukiamsha. Utapimwa afya tena, kisha utaweka vidole kwenye mashine, upewe kadi. Siku zikipita bila kadi, unarudi ulikotoka." Nikamwambia hilo si neno. Vidole ninavyo, na nilipochukua kitambulisho usichana wangu, kabla ya korosho, karani alivipaka wino vikatoka vizuri kama mistari ya mkeka.

Shangazi Mbeyu aliposikia ninaenda kupikia watu, alichukua mkono wangu, akautazama, akautupa. "Unakwenda jikoni kwa Waarabu na mkono huu? Watadhani umechimba kaburi kwa kucha!" Na kwa kweli niliona haya. Basi kwa wiki tatu shangazi aliniandaa. Kila alasiri tulikaa kizingitini, yeye na majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza ambayo tunasugulia masufuria. Ndimu, majivu, msasa. Ndimu, majivu, msasa. Weusi ulipokataa kutoka alileta kipande cha jiwe la kusagia. Nililia machozi, yeye anaimba. Wiki ya tatu vidole vilitoka vyeupe kwa ncha, vimenyooka, laini kama yai lililomenywa. Wanawake wa jirani walikuja kuvigusa. "Dama, hivi ni vidole vya mke wa waziri!" Kwenye ndege niliviweka juu ya kimeza, makusudi, ili yule mama aliyekaa karibu yangu avione. Nilikuwa na majivuno, sikatai. Bado ninayo.

Nyumba ya Bi Zuwena ilikuwa kwenye mji mdogo ulio karibu na bahari, nyeupe nje, na ndani vyumba vya baridi vyenye mazulia na harufu ya udi. Nilifika nikijua nitasema kwa mikono na macho, kumbe mwenye nyumba ananisubiri mlangoni ananiambia, "Karibu, mwanangu, umechoka na safari?" kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. Alizaliwa Unguja, akaolewa Omani akiwa msichana. Nikampigia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuwa na njaa ya neno hilo. Alikuwa na miaka sabini, mfupi, mnene, ana ulimi. Salma bintiye alikuwa mwalimu na ndiye aliyeendesha gari. Alinionyesha chumba changu, pembeni ya jiko: kitanda, kabati, dirisha. Nikaufunga mlango. Ulikuwa na ufunguo. Nikaugeuza, nikaufungua, nikaugeuza tena, mpaka Bi Zuwena akauliza kutoka ukumbini, "Dama, unafanya nini na kitasa changu? Kitakatika!"

Kupimwa afya kulichukua siku tisa. Siku ya kumi tulikwenda ofisi ya vidole, upande wa wanawake, mimi na Bi Zuwena mdhamini wangu na Salma wa kutafsiri. Karani alikuwa msichana mpole, kafunika nywele vizuri, na mbele yake kuna mashine yenye kioo chenye taa ya kijani. Nikaweka vidole vinne vya kulia kwa madaha. Mashine ikalia kama jogoo aliyekanyagwa, taa ikawa nyekundu. Nikafuta, nikaweka tena. Nyekundu. Kushoto, nyekundu. Dole gumba, nyekundu. Karani akasema kitu. Salma akatafsiri, "Anauliza kama vidole vyako vina shida." Bi Zuwena akaja juu. "Mwambie avihesabu! Ni kumi! Akitaka na vya miguu vipo!" Karani akachukua dole langu, akalipeleka kwenye mwanga, akaita mwenzake, wakaliinamia wote wawili kama wanatafuta sindano. Akasema tena. Salma akaniambia, "Anasema kidole chako ni kama cha mtu aliyezaliwa leo asubuhi." Nikatabasamu mpaka masikioni. "Mwambie asante. Ni shangazi yangu, kwa msasa." Salma akanitazama kwa huruma. "Dada Dama, si sifa. Huna alama. Mashine haikuoni."

Njiani kurudi nikaelewa. Korosho zilikula nusu ya alama, na nusu iliyobaki tuliiondoa wenyewe, mimi na shangazi, kwa ndimu, kwa kupenda usafi. Nilipofika nikajifungia chumbani, na nikamsikia Bi Zuwena kwenye simu na dada yake. "Nimeletewa msichana msafi, dada, sijapata kuona. Msafi mpaka hana alama za vidole… Hapana, si jambazi! Wezi ndio wangemtaka! Angeiba benki asijulikane." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nyuma ya mlango nilikuwa naona leso ya shangazi, na Kadzo nyuma ya gunia.

Mwuza dawa wa mtaani ndiye aliyetupa matumaini. Akasema ngozi hukua kutoka ndani, na alama zitarudi kama zilivyokuwa, lakini ikiachwa. Isiguse sabuni, wala maji mengi, wala ndimu, kitunguu, chumvi, wala dawa ya madoa. Ipakwe mafuta na ifunikwe. Tulipofika nyumbani Bi Zuwena akasimama katikati ya jiko. "Basi. Kuanzia leo huoshi hata kijiko."

"Bibi, mimi nimekuja kufanya kazi."

"Hujaja bado. Serikali haijakuona."

Akafunga aproni, mwanamke wa miaka sabini mwenye magoti yanayolia, akaanza kuosha vyombo vya mchana. Nikaketi kwenye kibao. Sijawahi kukaa pahali pachungu kama pale. Kila sahani iligonga nyingine kama inanitukana. Kwetu mwanamke aliyekaa mwenzake akifanya kazi ni mgonjwa au ni mchawi, na mimi sikuwa mgonjwa. Basi nikatafuta njia. Bi Zuwena akisha kuswali alfajiri alirudi kitandani mpaka jua litoke. Mimi niliamka, nikavua vile vitambaa alivyonifunga, nikaosha ua kwa dawa ya madoa, nikafua mashuka, nikasugua choo mpaka kikang'aa, kisha nikajipaka mafuta na kujifunga upya. Yeye asubuhi akasema, "Salma, mwaka huu vumbi limepungua." Siku nane nilifanya hivyo, na kwa siku nane nilikula chakula chake bila kuinamisha kichwa.

Tuliporudi ofisini mashine ilisoma vidole viwili vya kushoto. Viwili. Vingine, karani akasema, ni ukungu mtupu, na anataka vyote kumi. Zimebaki siku kumi na mbili. Ndani ya gari Bi Zuwena akauchukua mkono wangu kuufariji, akaupeleka karibu na uso, akanusa. Akanusa tena. "Salma, simamisha gari." Salma akasimamisha kando ya barabara, malori yanapita, gari linatikisika. "Dama. Hii ni dawa ya madoa."

Nikauvuta mkono, akaushikilia.

"Umeniibia," akasema. "Wengine huiba dhahabu. Wewe umeniibia kazi niliyokuwa nakufanyia. Magoti yangu yanauma bure wiki nzima! Kwa nini?"

"Nilikuwa naona aibu, Bibi."

"Aibu ya nini?"

"Ya kuoshewa."

Akanitazama sana. Kisha akauliza, si kwa ukali, "Ukirudishwa, unarudi wapi?" Sikuwa nimemwambia. Nikamwambia: stoo, magunia, leso, walevi na kata yao, mtoto anayevaa nguo amejikunja. Nikamwambia nilikuja kutafuta mlango. Akasema, "Mlango?" Nikasema, "Wenye komeo, Bibi. Kwa ndani." Salma alikuwa ameshika usukani anatazama mbele, pua imemvimba. Bi Zuwena akaurudisha mkono wangu mapajani kwangu. Akasema, "Mimi nililetwa nchi hii bibi harusi, sijui kuomba maji kwa Kiarabu, sijui mkate wao, sijui hata choo kiko wapi. Mama mkwe akanikalisha. Miezi sita. Akipika, nimekaa. Akifua, nimekaa, nasikiliza, najifunza maneno. Nilikonda kwa aibu. Siku moja nikamnyang'anya ufagio, akanipiga nao. Akaniambia, kukaa ndiyo kazi yako sasa, na ni kazi ngumu, ndiyo maana wavivu tu ndio wanaodhani ni rahisi. Haya na mimi nakuajiri. Utaifanya, au nikukatie tiketi?" Nikasema nitaifanya.

Alifungua sanduku la marehemu mumewe akatoa soksi nene za sufu, alizokuwa amezinunua kwa safari ya Ulaya, asiende. Akanipaka mafuta ya nazi, akanivisha soksi mikononi, akazifunga kwa utepe kwenye kifundo, na mafundo ya utepe akayafunga yeye kwa namna aliyoijua yeye, ili nikiyafungua ajue. Nilikula kwa kijiko kilichoshikwa na soksi, na tonge la kwanza alinilisha yeye kama mwari. Chooni alinifungua, na mengine msiniulize. Shughuli yangu ikawa moja: mdomo. "Mikono umenizuia, Bibi, ulimi hukunizuia," nilimwambia, na yeye akasema hilo ndilo kosa lake.

Siku moja nikamwambia mchuzi wake wa samaki una nazi ya mkebe, na nazi ya mkebe haina roho. Akanuna. Halafu akaenda stoo, nikasikia vitu vinaanguka, akarudi na mbuzi ya kukunia nazi, ile ya Unguja, aliyokuja nayo ndani ya meli, ulimi wake umeshika kutu. Miaka arobaini na zaidi hajaikalia. Salma akatumwa kutafuta nazi nzima mji mzima. Na Bi Zuwena, mwenye nyumba, mdhamini wangu, akakunja gauni, akakaa juu ya mbuzi, miguu huku na huku, akaanza kukuna, na mimi nimekaa kitini mbele yake na soksi zangu natoa amri. "Polepole, Bibi! Usifike kwenye kifuu, utatia weusi! Zungusha! Zungusha nazi, usizunguke wewe!" "Nyamaza, nimekuna nazi hujazaliwa!" "Na umesahau nikiwa nimezaliwa!" Katika kelele hizo wakaingia majirani wawili waliokuja kunywa kahawa, na baibui zao na manukato. Wakasimama mlangoni. Wote wawili walikuwa wazaliwa wa Unguja pia, na mmoja akasema, "Zuwena, samahani, nani hapa mtumishi?"

Bi Zuwena hata hakuinuka juu ya mbuzi. "Huyu ni bibi harusi. Amewekwa ndani. Ameposwa na mashine ya serikali, na mashine haitaki mwari mwenye mikono ya kazi."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kuanzia siku hiyo kila alasiri walikuja kumtazama mwari. Walileta halua, wakanilisha kwa zamu, wakanifunua soksi moja kuangalia maendeleo, wakaisogeza taa, wakavaa miwani. "Naona mstari! Wallahi naona mstari hapa!" "Huo ni mkunjo wa uzee." "Uzee wako wewe!" Nilisikia habari za watu wote wa mtaa ule bila kuinua kidole, na Salma akatumia muda huo kunifundisha namba za Kiarabu na kunisomesha mkataba wangu wote, ule niliotia sahihi bila kuusoma, neno kwa neno. Nilijua siku zangu za mapumziko, nilijua haki zangu. Nilikuwa sijawahi kukaa muda mrefu kiasi cha kujifunza kitu. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho sikuota leso.

Siku ya mwisho. Karani yule yule, mashine ile ile. Soksi nilivuliwa mlangoni, utepe wake haujaguswa. Vinne vya kushoto: kijani. Vinne vya kulia: nyekundu, nyekundu, kisha kijani. Dole gumba la kushoto: kijani. Nikasikia Bi Zuwena nyuma yangu anasoma dua chini ya pumzi. Nikaweka dole gumba la kulia, lile lililoshika korosho miaka saba. Nyekundu. Nikafuta. Nyekundu. Nikabonyeza kwa nguvu mpaka kucha ikawa nyeupe. Nyekundu. Karani akatazama saa ya ukutani, akasema kwa upole ofisi inakaribia kufungwa. Salma hakutafsiri, nilikuwa nimeelewa. Nikasema moyoni, Kadzo mwanangu, mama amejaribu.

"Ngoja," akasema Bi Zuwena. Akanisukuma kwa nyonga, akauchukua mkono wangu, akatelezesha mtandio wake nyuma kidogo, sisi wanawake tu mle ndani, akalipitisha dole langu kwenye njia ya nywele zake, kutoka kipajini mpaka utosini, polepole, mara mbili. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na zilikuwa na mafuta ya nazi, yale tuliyoyatoa kwenye nazi aliyoikuna mwenyewe. Akalifuta kidogo kwa kanga yangu, akaliweka kwenye kioo kama mtu anayelaza mtoto. "Umelifuta mpaka limekauka. Usibonyeze. Liache likae."

Kijani.

Kigelegele alichopiga Bi Zuwena kilimleta askari wa mlangoni mbio, akasimama nje anauliza kuna harusi gani. Karani alikuwa anacheka, amefunika mdomo. Akaniambia kitu, nikajibu asante kwa Kiarabu changu, na Salma akasema, "Kibali chako kimeamka." Bi Zuwena akajitengeneza mtandio. "Nani asingeamka kwa kelele hizi," akasema.

Tulipofika nyumbani nilikuta sinki limejaa mpaka ukingoni. Vyombo vya jana, vya juzi, masufuria yenye ukoko, vikombe vya kahawa vya majirani wote. Alikuwa ameviacha makusudi. Akavuta kibao changu, akakikalia, akaweka mikono mapajani. "Karibu kazini," akasema. Niliosha mpaka magharibi, naimba nyimbo za kwetu, na sijawahi kuona povu tamu kama lile.

Mkataba wangu ulinipa Ijumaa. Ijumaa ya kwanza niliamka nikakuta Bi Zuwena amefunga aproni. Na kila Ijumaa ya mwaka ule, vyombo vilioshwa kwa mkono wake, na mimi nilikaa. Mara ya kwanza mgongo ulinikaza. Kufika mwisho wa mwaka nilijua kukaa vizuri, nimeegemea, natazama mtu ananifanyia jambo bila kutafuta pa kujificha. Kwa mshahara wa kwanza sikununua mawe wala simiti. Nilimtuma fundi wa Malindi atengeneze mlango, wa mvule, na komeo la chuma. Shangazi Mbeyu akaupokea, akauegemeza ukutani, na Jilore nzima ikacheka. "Dama ana mlango, hana nyumba!" Waseme. Kadzo, peke yake, jioni ile ile aliuburuta mlango ule mpaka stoo, akauweka mbele ya leso, akauzuia kwa gunia. Barua aliyoniandikia ilikuwa na mstari mmoja: "Mama, sasa wanabisha hodi."

Nyumba ilikuja baadaye, chumba kwa chumba, ikaufuata mlango. Ndiyo hii. Kadzo alivalia humu nguo zake za harusi, amesimama wima. Furaha anasomea humu, na akinuna anajifungia, na mimi nagonga kama mtu mwenye adabu.

Basi siku ile Salma alikuwa amefika kwenye sufuria ya wali, ile yenye ukoko, anaisugua na jasho linamtoka kipajini, na mdomo umeshuka upande kama wa mama yake. Aliniuliza msasa uko wapi. Nikamwambia kwangu hauingii. Akacheka, kisha akalia, kisha akaendelea kusugua. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Nilitaka kuinuka, sitadanganya. Miguu ilianza yenyewe. Nikaituliza. Ndipo Mama Karisa, ndoo yake tupu, akashindwa kuvumilia, akaingiza kichwa dirishani, karibu na bangili.

"Dama! Mgeni anafanya kazi na wewe umekaa? Unaumwa?"

"Siumwi," nikamwambia. "Niko kazini."